Kazi Iliyolala Sandukuni



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo la nyumbani. Ni habari ya kazi ya mkono ambayo mtu huianza kwa furaha, kisha huiacha katikati, ikalala. Huenda kwako pana mkeka uliosukwa nusu, au kinu kilichochongwa nje lakini hakijatobolewa ndani, au mzinga uliokosa kifuniko tangu mwaka juzi. Kwetu sisi kazi ya kujipumzisha ni kushona, hasa kushona mifarishi ya viraka. Na katika likizo ya Desemba mwaka 2023 tulifungua sanduku letu la kushonea, tukaona haya.

Labda wako wasioujua mfarishi. Ni nguo nene ya kujifunika kitandani, yenye tabaka tatu. Tabaka ya juu ni vipande vya nguo vilivyoungwa pamoja. Ya katikati ni pamba, au sufi, au blanketi kuukuu. Na ya chini ni kitambaa kizima. Tabaka hizo tatu hushikizwa kwa mishono inayopita toka juu mpaka chini, ili zisiteleze. Sisi twakaa katika milima ya Usambara, ambako mwezi wa Juni na Julai ukungu hushuka mpaka mlangoni, na mtu asiye na kitu kizito cha kujifunika hulala amejikunyata mpaka alfajiri. Kwa hiyo mfarishi kwetu si pambo tu.

Basi siku ile tulitandika mkeka sakafuni tukatoa vitu kimoja kimoja. Kwanza ilitoka sweta ya mtoto, yenye kifua na mgongo na mkono mmoja. Mtoto aliyekusudiwa sasa avaa viatu vikubwa kuliko vyetu. Pili, kitambaa cha meza cha kudarizi, tulichokianza mwaka 2018 kwa ajili ya arusi ya binti wa ndugu yetu. Arusi ikapita, na bibi arusi yule leo ana watoto wawili. Tatu, foronya nne, mbili zimekwisha na mbili bado. Nazo zilizokwisha zilikuwa na madoa mekundu, kwa kuwa tulizitia ukingo wa kitambaa kipya chekundu bila kukifua kwanza, nacho kilipopata maji kikamwaga rangi yake juu ya bafta nyeupe. Nne, kofia ya kaka yetu, iliyoshonwa maua upande mmoja tu. Na chini kabisa, ndani ya gunia la unga lililofuliwa, ulikuwapo mfarishi.

Yatupasa kuwaeleza habari za mfarishi huo, maana ndio uliotuleta mbele yenu leo. Mama yetu alifariki mwaka 2014. Baada ya matanga nguo zake ziligawiwa kama ilivyo desturi, na shangazi yetu akatuita pembeni akatupa kanga doti tatu. Akasema, "Mwanangu, hizi mkigawana, kila mtu atapata upande mmoja, na baada ya miaka miwili utakuwa tambara la jikoni. Wewe wajua kushona. Ziunge ziwe nguo moja, wajukuu wajifunike wote." Tukaitikia, "Naam, shangazi."

Mwaka 2015 tulikata viraka vyote 168, na mwaka uliofuata tulikuwa tumekwisha unga safu tano kati ya safu 14. Kisha tukaacha. Hatukukusudia kuacha. Wiki ya kwanza palikuwa na madaftari ya kusahihisha. Wiki ya pili wageni walifika. Kisha zikaja mvua za masika na palizi ya mahindi. Kisha mtoto akapatwa na homa. Kisha jirani akafiwa. Mambo hayo yote ni ya haki, wala hapana hata moja ambalo mtu mwema angelikataa. Lakini yalipokwisha, sindano ilikuwa imekwisha shika kutu mahali tulipoichomeka.

Kila tulipokwenda kumwamkia, shangazi aliuliza, "Nguo ya wifi yangu imefika wapi?" Nasi tulijibu, "Inakwenda, shangazi." Kwa muda wa miaka saba nguo ile ilikuwa inakwenda, wala haikuwa imetoka sandukuni.

Siku ile tulipoliinua gunia, udongo ulimwagika. Mchwa walikuwa wamepenya chini ya sanduku, wakapita katika pembe ya gunia, wakala. Tulivihesabu viraka tukaona 31 vimeharibika, vingine katika safu zilizokwisha ungwa, vingine katika zile zilizongoja. Kitambaa cha dukani hununuliwa tena. Bali kanga aliyoivaa marehemu mama yako haina duka. Tuliketi juu ya mkeka kwa muda mrefu bila kusema neno.

Tena palikuwa na jambo la pili. Mwaka uo huo shangazi alikuwa ameambiwa na daktari kwamba ana presha ya macho. Dawa yaweza kulinda nuru iliyobaki, lakini nuru iliyokwisha potea hairudi. Kwa hiyo hatukuwa na miaka mingine saba ya kusema "inakwenda".

Siku ya pili yake tulikwenda kwake tukasema kweli yote. Hakutugombeza. Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye sanduku lake, akatoa upande mmoja wa kanga aliouvaa yeye mwenyewe, umepauka kwa kufuliwa. Akasema, "Pale palipoliwa, tia yangu. Mimi na wifi yangu tulipika jiko moja miaka 30. Si vibaya tukilala pamoja."

Sasa, kabla hatujawaambia tulivyofanya, twapenda kuondoa neno moja. Mwalimu kijana chuoni alipotuona tukipanga viraka alicheka, akasema kwamba kiraka ni alama ya umaskini. Wako wengi wanaofikiri hivyo. Walakini tukitazama vizuri twaona kwamba nguo nyingi zenye heshima zilianza kwa kuungwa vipande.

Tuanze na kanga yenyewe. Wazee wa pwani husimulia kwamba hapo zamani, katika karne ya 19, wanawake walinunua leso za mraba zilizouzwa katika jora, zikiwa bado hazijakatwa moja moja. Walikata leso tatu kwa pamoja, na nyingine tatu, wakaziunga upande kwa upande, zikawa nguo moja ya leso sita. Ndiyo maana hata leo wako wanaoiita kanga kwa jina la leso. Baadaye wafanya biashara waliona mtindo huo, wakaagiza nguo nzima zilizopigwa chapa kwa kipimo hicho. Basi bibi aliyeunga leso zake sita hakuwa akificha umaskini. Alikuwa akibuni nguo ambayo mabinti wa nchi yetu wangeivaa kwa vizazi vingi.

Tazameni tena kitambaa kiitwacho marekani, ambacho sisi tulikitia chini ya mfarishi wetu. Jina hilo lina sababu. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mapatano ya biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, na merikebu za mji wa Salem zikawa zikileta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini ya nchi ile. Watu wa pwani wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka, na kutoka pwani kikapelekwa bara na misafara. Lakini pamba yenyewe ililimwa katika majimbo ya kusini na watumwa, ambao babu zao walitolewa Afrika. Hivyo jasho la Mwafrika lilizunguka bahari mbili likarudi Afrika kuwa nguo.

Na hao wa kusini, wao walijifunika nini? Katika jimbo la Alabama kipo kijiji kiitwacho Gee's Bend, kilichozungukwa na mto Alabama pande tatu. Wakazi wake ni wazao wa watumwa wa shamba la pamba, na wengi wao wana jina la Pettway, kwa kufuata jina la bwana aliyelinunua shamba lile mwaka 1845. Utumwa ulipokwisha walibaki palepale wakilima kwa kugawana mazao na mwenye ardhi. Mwaka 1932 mjane wa mfanya biashara aliyekuwa akiwakopesha alidai madeni yote, na watu wake wakachukua wanyama na zana na hata chakula kilichowekwa akiba. Nyumba zao zilikuwa za mbao zenye nyufa, na baridi yao si kama hii yetu, maji huganda.

Wanawake wa kijiji hicho walishona mifarishi kwa nguo zilizochakaa za kazi, na kwa magunia, na kwa kila kipande kilichopatikana. Mchana walikuwa shambani. Usiku, na katika miezi ya baridi, waliunga viraka. Kila mmoja aliunga vyake nyumbani kwake, kisha wakakutana kushikiza tabaka pamoja. Mwaka 1942 Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mumewe. Alizikusanya nguo ambazo marehemu alizivaa kazini, akazikata, akashona mfarishi apate kujifunika, na binti yake Arlonzia alimsaidia. Miaka 60 baadaye, mwaka 2002, mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika jumba la sanaa mjini Houston, kisha New York, na watu walisimama mbele yake kama wasimamavyo mbele ya picha za mafundi wakubwa. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stampu kumi zenye picha za mifarishi hiyo. Sisi tuliposoma habari hizi hatukustaajabia stampu sana. Tulistaajabia kwamba wanawake wale, waliokuwa na kazi nyingi kuliko sisi, na mwanga kidogo kuliko wetu, waliimaliza nguo.

Wako ndugu zetu wengine wa karibu zaidi. Nchini India, katika misitu ya jimbo la Karnataka, wanakaa watu waitwao Wasidi. Babu zao walitoka Afrika, wengi katika upande wetu huu wa mashariki. Waliingizwa India kwa karne nyingi, wengine wakiwa watumwa, wengine askari na mabaharia, na baadhi yao walitoroka mikononi mwa Wareno wa Goa wakakimbilia msituni. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi. Hawaungi viraka kwanza kama tufanyavyo sisi. Huanza pembeni juu ya kitambaa kizima, wakapachika kiraka, wakashona, wakapachika cha pili, wakizunguka kando mpaka wakafika katikati. Wengine, kabla ya kufunga kiraka cha mwisho cha katikati, hutia punje chache za mchele, kana kwamba wanaulisha mfarishi tumbo lake. Na kwenye pembe nne hushona vipande vidogo vilivyokunjwa mfano wa maua. Pasipo maua hayo huona kwamba nguo iko uchi, haijakwisha. Neno hilo lilituingia moyoni, maana sisi tulikuwa tukiihesabu kazi kuwa yetu tangu siku ya kuianza.

Sasa twaja kwenye shauri lenyewe. Twaliweza kusema, kama tulivyosema miaka yote, "Tukipata nafasi tutashona." Lakini mtu mwenye kazi na watoto na shamba hapati nafasi nzima kama jora la nguo. Hupata vipande: robo saa chungu kinapochemka, nusu saa kabla ya kulala, muda wa kungoja zamu katika zahanati. Vipande hivyo twavitupa kwa kuwa ni vidogo, kama mtu atupavyo mabaki ya kitambaa. Basi tukaazimia kuviokota na kuviunga. Tulifanya mambo manne, nayo yamfaa kila mtu mwenye kazi iliyolala, awe mshonaji au msusi wa mikeka.

Kwanza, tuliandika katika daftari kila kazi iliyo sandukuni, na tukaigawa katika mafungu matatu: ya kumalizwa, ya kupewa mwingine, na ya kufumuliwa. Sweta tuliifumua, na sufu yake ikatosha soksi jozi mbili. Kitambaa cha meza tulimpa mwanafunzi mmoja wa chuo apendaye kudarizi, naye alikimaliza kwa majuma matatu. Foronya zenye madoa zikawa vitambaa vya kufutia ubao. Kuacha kazi kwa kukusudia si aibu; aibu ni kuiacha huku ukisema inakwenda.

Pili, katika zilizobaki tulichagua moja tu. Mshika mbili, moja humponyoka. Nasi tulikuwa tumeshika tano. Kofia ya kaka tuliiweka juu ya kabati ingoje zamu yake.

Tatu, tuliitoa kazi sandukuni. Tulitia katika kikapu kidogo viraka vya safu moja tu, yaani 12, pamoja na sindano, uzi, mkasi na kastabani. Kikapu hicho kilikaa karibu na jiko, na tulipotoka tulikichukua. Kazi ikikaa machoni hukumbukwa. Ikiwa sandukuni humkumbusha mchwa peke yake.

Nne, tulijiwekea kipimo kidogo ambacho hata siku mbaya haikiharibu: kuunga viraka vitatu kila jioni. Hivyo safu moja yenye viraka 12 ilichukua jioni nne. Siku tulizokuwa na msiba au ugonjwa hatukushona, wala hatukujilaumu, bali kesho yake tulishika vitatu vilevile bila kujaribu kulipa deni. Maana tuliona kwamba mtu ajaribuye kulipa jioni nne kwa jioni moja huchoka, na kuchoka huko ndiko kunakomrudisha kwenye kuacha. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa wale watakaopenda kujaribu, twatoa maneno machache ya ufundi. Fueni kila kitambaa kabla ya kukata, kipya na kikuukuu, kwa maana kipya hupungua na chaweza kutoa rangi. Kipande chekundu au cha samawati kilazeni katika maji juu ya kitambaa cheupe. Maji yakigeuka rangi, kifueni tena mpaka yawe safi. Kateni kwa kufuata kigezo kimoja cha karatasi ngumu. Chetu kilikuwa mraba wa inchi 6½, na kwa kuwa kila upande hupoteza robo inchi katika mshono, kiraka kilichoungwa kilikuwa cha inchi 6 kamili. Viraka 12 kwa upana na 14 kwa urefu vikatupa nguo ya inchi 72 kwa 84. Wanafunzi mlio shuleni mwaweza kufanya hesabu hiyo mkaona kama tumesema kweli. Msikate kila kiraka kwa kigezo kipya kilichofuatishwa kiraka kilichotangulia, maana kosa dogo hukua kila mara, na mwisho safu hazitakutana.

Kila safu ikiisha, ipigeni pasi kabla ya kuiunga na nyingine. Mkifika kwenye tabaka tatu, zitandikeni sakafuni, mzinyoshe, mzipige bandi kwa uzi mrefu, ndipo mshone mishono ya kudumu, mkianza katikati na kwenda kando, ili mikunjo itoke nje wala isinaswe ndani. Mwisho kunjeni ukingo pande zote. Na mkiweka nguo akiba, msiiweke chini. Tieni matofali chini ya sanduku, mlifungue kila mwezi, mzipige nguo jua. Somo hili la mwisho sisi tulilinunua kwa bei ghali.

Tulianza mwezi wa Januari mwaka 2024. Kazi ngumu zaidi haikuwa kuunga, ilikuwa kufumua. Safu tano za kwanza, tulizozishona tukiwa na furaha, zilikuwa na viraka vilivyoliwa ndani yake, ikatupasa kuzikata nyuzi nzima na nzuri ili tutoe kibovu na kutia cha kanga ya shangazi. Mwezi wa Aprili safu zote 14 zilikuwa tayari. Katika kushikiza tabaka wanafunzi sita wa chuo walikuja Jumamosi alasiri, wakakaa kuzunguka nguo, na katika mazungumzo yao tulijifunza mambo mengi ya maisha yao ambayo hatukuyajua darasani. Yule mwalimu kijana aliyecheka alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alitazama. Mara ya pili aliomba sindano.

Mwezi wa Julai, wakati wa baridi kali, tulimpelekea shangazi mfarishi. Kufikia siku ile alikuwa akiona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Tulimtandikia magotini. Hakuuliza rangi. Alianza kupitisha vidole, mshono kwa mshono, polepole, kama mtoto ajifunzaye kusoma. Alipofika mahali fulani akasema, "Hapa ulikuwa na haraka." Tukatazama, tukaona kweli: mishono ya pale ilikuwa mirefu. Ilikuwa ya mwaka 2016.

Kanga zina maneno, kama mjuavyo, na tulipozikata tulijitahidi kuyaacha yasomeke. Mjukuu mmoja aliyekuwapo alianza kusoma kwa sauti safu ya katikati. Akasoma, "Subira." Kisha akanyamaza, kwa kuwa kiraka kilichofuata kilikuwa cha kanga ya shangazi, na neno la mahali pale lilikuwa limeliwa. Kisha akasoma, "heri." Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema, "Subira mwanangu umeifanya nyingi mno, mpaka mchwa wakala neno la katikati." Halafu akakiweka kiganja chake juu ya kile kiraka kisicho na neno, akakiacha palepale.

Wasikilizaji wapendwa, hatukuja kujisifu, maana mmesikia wenyewe kwamba tulichelewa. Viraka 31 havikurudi, na yule aliyetuagiza hakuiona kazi kwa macho yake, aliigusa tu. Lakini wajukuu wanajifunika, na neno la shangazi limetimia.

Kwa hiyo twawaomba jambo moja. Usiku huu, mtakapokwisha kula, fungueni sanduku, au ingieni ghalani, mkatazame kazi iliyolala. Kama haifai tena, ifumueni bila majuto. Kama yafaa, itoeni nje, mkafanye kidogo tu: ukili mmoja, tundu moja, viraka vitatu. Na kama yuko mtu anayeingoja kazi hiyo, msimwambie kwamba inakwenda. Mpelekeeni aione ilipofika, angali akiweza kuiona.

Kaka yetu naye yungali anaingoja kofia yake. Imekwisha shuka kutoka juu ya kabati, na imo ndani ya kikapu.

Kwaherini.